Chombo Changu cha Anga Hakijatoka kwa Muvi

Kila nikipost picha ya chombo cha anga nilichobuni kwa vitofali vya plastiki, swali ni lile lile: "Msee, hii ni ya muvi gani?"

Hakuna muvi. Miguu yake imetoka Ngomeni, kule Kilifi. Mabawa yake manne yametoka kwa setilaiti ya mwaka 1970. Sahani yake imetoka Longonot, hapa hapa kaunti ya Nakuru. Na tumbo lake limetoka kwa sanduku la toi. Wacha niwapitishe kipande kwa kipande, juu nyuma ya kila kipande kuna historia ambayo mimi nilimaliza kidato cha nne bila kuisikia.

Tuanze na kitofali chenyewe. LEGO ni kampuni ya Denmark, mji unaitwa Billund. Seremala Ole Kirk Christiansen alianza kuchonga toi za mbao mwaka 1932. Tarehe 28 Januari 1958, mwanawe Godtfred akaandikisha hataza ya kitofali tunachokijua leo: vinundu juu, mirija ndani. Hapo ndipo maajabu yalipo. Kitofali cha 1958 bado kinashikana na kilichotoka kiwandani wiki jana. Ndiyo maana mimi naweza kununua mfuko uliochanganywa kwa mtu wa mitumba, vipande vya miaka tofauti na watoto tofauti, na vyote vikakubaliana. Rangi zinafifia, lakini kiungo ni kile kile.

Mwaka 1978 LEGO wakaleta vyombo vya anga, kazi ya mbunifu wao Jens Nygaard Knudsen. Mwili wa buluu na kijivu, vioo vya njano, wanaanga wadogo wanaotabasamu, na hakuna bunduki hata moja. Mwaka mmoja kabla, Star Wars ilikuwa imetoka. Unajua wale mafundi walivyopata vile vyombo vyao vilivyojaa vidude na mabomba? Walinunua modeli za plastiki za vifaru na ndege za vita, wakavunja seti na kugundisha vipande juu ya vyombo vyao. Yaani ilikuwa jua kali, tu ya California.

Sasa hebu jiulize. Mtoto wa Nakuru aliyewahi kutengeneza gari la waya, magurudumu ya ndara iliyokatika, taa za vifuniko vya soda, anakosa nini hapo? Ufundi tunao kitambo. Kitu tunachokopa ni picha. Tukiambiwa tuchore chombo cha anga, mkono unaenda moja kwa moja kwa kile cha muvi, kana kwamba anga ni mtaa wa watu wengine na sisi tumealikwa tu kutazama.

Mimi nilikataa kuanzia hapo. Nikajiuliza: anga na Kenya zimekutana wapi? Manze, kumbe ni mahali pengi.

Miguu kwanza. Ukienda pwani kaskazini ya Malindi, kijiji cha Ngomeni, kuna majukwaa ya chuma yaliyosimama kwa miguu ndani ya bahari. Hiyo ni San Marco. Waitaliano wakiongozwa na Luigi Broglio walianzisha mradi huo, roketi zikawa ni za Marekani aina ya Scout. Kati ya 1967 na 1988, setilaiti 9 ziliruka kutoka kwa maji ya Kenya. Kwa nini hapa? Juu tuko karibu na ikweta. Dunia inajizungusha, na kwenye ikweta ndiyo inakwenda mbio zaidi, karibu kilomita 1,670 kwa saa. Roketi ikirushwa kuelekea mashariki inapata hiyo mbio bure. Wazungu hawakuja kwa sababu ya madafu, walikuja kwa sababu ya hesabu.

Basi chombo changu hakina magurudumu wala hakitui kwa tumbo. Kina miguu mirefu minne ya kusimama ndani ya maji. Kimebuniwa kuondoka baharini.

Pili, mwili na mabawa. Tarehe 12 Disemba 1970, siku ya Jamhuri, roketi ilitoka San Marco ikiwa na setilaiti ya NASA ya kuchunguza eksirei kutoka angani. Ilikuwa ya kwanza duniani kufanya kazi hiyo tu. Mkuu wa mradi alikuwa mama mmoja mhandisi, Marjorie Townsend, na kwa sababu ya siku hiyo wakaiita Uhuru. Jina la Kiswahili, kwenye orodha ya vyombo vya anga, zaidi ya miaka 50 iliyopita! Ilikuwa na uzito wa kilo 140 hivi, mwili wa mcheduara na mabawa manne ya sola. Ilifanya kazi hadi 1973, ikaacha orodha ya vyanzo 339 vya eksirei. Vipimo vyake vilisaidia wanasayansi kushuku kwamba Cygnus X-1 ni shimo jeusi. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo ya kisayansi, akapewa Nobel mwaka 2002.

Kujenga mcheduara kwa vitofali vya pembe nne ni kazi. Kwenye mfuko wa mtumba huwezi kutegemea kupata vipande vya duara vya kutosha. Nilichofanya ni kuchukua kuta nane bapa, nikaziunganisha kwa bawaba, nikazikunja mpaka zikafunga. Zinatoa pembe nane, na ukisimama mbali kidogo jicho linaona duara. Mabawa manne yakaingia ubavuni. Hapo kuna hesabu kila mbunifu lazima aijue: kipande bapa kina unene wa mm 3.2, na nafasi kati ya kinundu na kinundu ni mm 8. Kwa hiyo bapa tano zikilaliana ni mm 16, sawa kabisa na vinundu viwili. Ukijua hiyo moja tu, unaweza kugeuza vitofali vitazame upande wowote na bado vifunge bila mwanya.

Tatu, sahani. Hii ni ya kwetu kabisa. Chini ya Mlima Longonot kuna kituo cha mawasiliano ya setilaiti kilichofunguliwa mwaka 1970, mwaka ule ule wa Uhuru. Kilikuwa jambo kubwa hadi Kenya, Uganda na Tanzania zikatoa stempu za posta za pamoja kukisherehekea. Sahani zake kubwa zina upana wa karibu mita 30. Kwa miaka mingi, simu ya kwenda ng'ambo na picha za TV kutoka nje zilipitia hapo, katikati ya Bonde la Ufa, kabla nyaya za faiba hazijafika Mombasa mwaka 2009 na kuchukua kazi. Kumekuwa na mpango wa kugeuza sahani moja kuwa darubini ya redio, ya kusikiliza nyota.

Kasanamu ka LEGO kana urefu wa sm 4 hivi. Kama kanawakilisha mtu wa kawaida, sahani ya Longonot kwa kipimo hicho ingekuwa sm 70, kubwa kuliko chombo chote. Nikaipunguza, nikatumia kifuniko cha mkebe kilichopakwa rangi nyeupe. Kuna watu wataniambia ni haramu kuchanganya vitu visivyo LEGO. Hao wakaongee na mafundi wa Star Wars.

Nne, tumbo. Hapa ndipo nawajibu wale wananiambia niliacha chuo nikaenda kucheza na toi. Mwaka 1999 maprofesa wawili Marekani, Bob Twiggs na Jordi Puig-Suari, walitaka wanafunzi waweze kujenga setilaiti ndogo. Saizi gani? Twiggs alisimulia kwamba wazo lilimjia kwa kisanduku cha plastiki cha kuwekea toi za Beanie Babies. Ndivyo ilivyozaliwa CubeSat: mchemraba wa sm 10 kila upande. Unataka kubwa zaidi? Panga mitatu. Ni kitofali, bana. Kiungo kimoja ambacho kila mtu anakubaliana nacho, halafu kila mtu anajenga lake.

Na hapo ndipo Kenya iliacha kuwa uwanja tu. Tarehe 11 Mei 2018, mchemraba mmoja wa Chuo Kikuu cha Nairobi, 1KUNS-PF, uliachiwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga. Setilaiti ya kwanza ya Kenya. Tarehe 15 Aprili 2023 ikafuata Taifa-1, michemraba mitatu. Vinundu 12 vya LEGO ni sm 9.6, kwa hivyo tumbo la chombo changu, vinundu 12 kwa 12, ni karibu saizi halisi ya 1KUNS. Unaweza kukishika mkononi na ukajua: setilaiti yetu ya kwanza ilikuwa hivi.

Kuna mtu atasema, lakini Uhuru haikuwa yetu. Roketi ya Marekani, jukwaa la Waitaliano, Nobel ikaenda Marekani. Ni kweli, na sitaki tujidanganye. Tulitoa ikweta, bahari na jina. Lakini angalia mpangilio: 1970 tunatoa jina, 2018 tunatoa chombo. Kati ya hapo ni miaka 48. Ndefu sana, ndiyo, na sehemu ya sababu ni kwamba watoto wengi walikua kilomita chache kutoka Longonot wakifikiri ile sahani haiwahusu. Mtu hawezi kudai kitu ambacho hajaambiwa kiko kwao.

Kwa hivyo mimi sijengi hiki chombo kwa sababu kinapendeza, ingawa kinapendeza. Najenga juu dogo wa miaka tisa akiuliza mguu huu ni wa nini, lazima nimtaje Ngomeni. Akiuliza sahani, lazima nimwambie iko hapo nyuma ya mlima anaouona akienda Naivasha. Akiondoka ana majina manne ya mahali pa kwake, na swali linalofuata ni lake.

Kama huna LEGO, una waya. Kama huna waya, kuna karatasi za boksi. Chora chombo chako wiki hii, na usianze na bawa uliloliona kwa skrini. Anza na kitu kilicho kwenu: paa la posho mill, mabomba ya mvuke ya Olkaria, mnara wa maji wa mtaa wenu. Halafu ulizia nani alikijenga, mwaka gani, na kwa nini pale.