Kenya: Ardhi ya Amana

Amana si mali ya aliyepewa kuitunza. Kila askari aliyetia saini kupokea bunduki ghalani anaijua kanuni hiyo. Katika usimamizi wa ardhi ya vijijini nchini Kenya, kanuni hiyo ilivunjwa kwa miaka mingi, na waliolipa gharama ni wananchi.

Chanzo ni ukoloni. Mwaka 1904 Wamasai waliahidiwa na Waingereza kwamba wangekaa Laikipia daima. Kwa mkataba wa mwaka 1911 wakahamishwa. Sheria ya mwaka 1915 ikaifanya hata ardhi iliyotengewa Waafrika kuwa mali ya Mfalme wa Uingereza, na mwaka 1921 mahakama ikaamua kwamba Mwafrika alikuwa mpangaji tu katika ardhi ya babu zake.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, katiba iliikabidhi ardhi hiyo kwa halmashauri za wilaya, ziishike kwa niaba ya wakazi wake. Halmashauri hizo ndizo pia zilizoendesha shule za msingi, zahanati na barabara. Lakini kwa sheria ya mwaka 1969, iliyoanza kutumika mwaka 1970, huduma hizo zilihamishiwa Serikali Kuu, pamoja na kodi ya kichwa iliyozigharimia.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Halmashauri ilibaki na kazi chache, fedha kidogo, na ardhi kubwa. Narok ilikuwa na bahati ya viingilio vya watalii wa Maasai Mara. Nyingi hazikuwa na pato la namna hiyo. Ardhi ikawa ndiyo hazina pekee ya kugawia wakubwa na marafiki. Sheria iliruhusu ardhi ya amana kutengwa kwa manufaa ya umma, lakini chini ya kivuli cha manufaa hayo watu binafsi walijipatia hati.

Kajiado ilijaribu njia nyingine, ya ranchi za vikundi chini ya sheria ya mwaka 1968. Wanachama waliandikishwa, wakachagua wawakilishi. Ranchi nyingi baadaye ziligawanywa vipande, na mara nyingi wanawake na vijana, ambao majina yao hayakuwamo daftarini, wakatoka mikono mitupu.

Tume ya Ndung'u, iliyoundwa mwaka 2003, ilitoa taarifa yake mwaka 2004. Ilionyesha jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa kinyume cha sheria, na ikazilaumu pia halmashauri, zilizopasa kuwa walinzi. Katiba ya mwaka 2010 ikaitambua ardhi ya jamii kuwa mali ya jamii yenyewe. Halmashauri za zamani zilifuatwa na serikali 47 za kaunti mwaka 2013, na sheria ya mwaka 2016 ikaweka utaratibu wa kuiandikisha ardhi hiyo. Isiyoandikishwa bado hushikwa na kaunti kwa amana.

Kwa hiyo hatari ya zamani haitoweki kwa kubadili jina la mshika amana. Ghala la silaha huwa salama kwa sababu daftari lipo, hesabu hufanywa, na anayepoteza huulizwa. Ardhi nayo yataka hivyo hivyo. Vinginevyo askari ataitwa siku ya mwisho, mkononi amepewa hati iliyopigwa mihuri yote, kwenda kumwondoa mwenye mali.