Shinikizo la Damu na Neno "Kurithi": Historia ya Mjadala na Funzo Lake kwa Istilahi

Katika vijitabu vya afya, vitabu vya shule na tafsiri za kiofisi, mara kwa mara twasoma kwamba "presha ni ugonjwa wa kurithi". Sentensi hii ni fupi na yaeleweka upesi. Hata hivyo, imebeba dhana ambazo mabingwa wa tiba walizibishania kwa miaka mingi. Kabla ya kuikubali au kuikataa, yafaa tuitazame historia yake.

Mwaka 1896 Scipione Riva-Rocci, daktari wa Italia, alieleza kipimo cha zebaki chenye mfuko wa hewa unaofungwa mkononi. Mwaka 1905 Nikolai Korotkov wa Urusi akaongeza njia ya kusikiliza sauti za damu katika mshipa. Tangu hapo shinikizo la damu likawa namba, na namba hiyo kila mtu aliye hai anayo, awe mzima au mgonjwa. Swali likazuka: ugonjwa waanzia namba gani?

Mwaka 1947 Robert Platt, daktari wa Manchester nchini Uingereza, alichunguza jamaa za wagonjwa. Alihitimisha kwamba shinikizo la juu ni maradhi ya aina yake, yatokanayo na jeni moja tawala, yaani itendayo kazi hata ikirithiwa kwa mzazi mmoja tu. Kwa maoni yake, watu wa makamo wamegawanyika makundi mawili: wenye jeni hiyo na wasio nayo.

George Pickering, aliyekuwa akifanya kazi London, hakuuona mpaka huo. Mwaka 1954 yeye na wenzake walitoa matokeo ya kupima watu wengi pamoja na jamaa za wagonjwa. Namba zilifuatana toka ndogo hadi kubwa, pasipo pengo la kuwatenga wazima na wagonjwa. Pickering akasema kwamba shinikizo hurithiwa kama kimo: jeni nyingi huchangia kidogo kidogo, na mazingira nayo hutia mkono. Kwake, tofauti baina ya mgonjwa na mzima ilikuwa ya kiasi tu. Mabishano yao yaliendelea hadi miaka ya 1960.

Utafiti wa baadaye ulimpa kila mmoja haki yake, ingawa si kwa kipimo sawa. Mwaka 1963 Grant Liddle wa Marekani alieleza ukoo mmoja ambao figo za wagonjwa wake zilizuia chumvi kupita kiasi. Mwaka 1994 kasoro ya jeni inayosababisha hali hiyo ilipatikana. Mwaka 1992 Richard Lifton na wenzake walikuwa wameonyesha maradhi mengine, ambamo jeni mbili jirani zimeungana na kuzidisha homoni ya aldosteroni. Hayo ni maradhi ya jeni moja, lakini ni adimu sana. Kwa watu wengi, Pickering ndiye aliyekaribia ukweli. Uchunguzi wa watu zaidi ya 1,000,000 uliotolewa mwaka 2018 ulifikisha zaidi ya 900 idadi ya sehemu za urithi zinazohusiana na shinikizo la damu, na kwa kawaida kila moja huongeza au kupunguza milimita moja ya zebaki au pungufu.

Kutokana na historia hii, twapendekeza mambo matatu. Kwanza, "shinikizo la damu" libaki jina la kipimo. Ugonjwa uitwe "shinikizo la juu la damu". Pili, "ugonjwa wa kurithi" litumike kwa yale maradhi adimu ya jeni moja. Kwa hali ya kawaida tuseme "uelekeo wa kurithi". Tatu, mfasiri akutanapo na kadirio kwamba urithi huchangia asilimia 30 hadi 50, akumbuke kuwa linahusu tofauti baina ya watu katika jamii. Halina maana kwamba nusu ya shinikizo la mtu fulani imetoka kwa wazazi wake.

Mgonjwa aambiwaye kuwa ugonjwa wake ni wa kurithi aweza kuona kwamba kupunguza chumvi na kumeza dawa ni kazi bure. Naye ambaye wazazi wake ni wazima aweza kudhani hana haja ya kupimwa. Wote wawili watakuwa wamepotoshwa na neno ambalo sisi tuliwaandikia.