Kutoka Bwana Shauri hadi Mteja: Lugha ya Ofisi Zetu Ikitazamwa Kutoka Ufipa

Miezi michache iliyopita nilialikwa Sumbawanga kuendesha mafunzo ya siku 3 kwa watumishi wa taasisi moja ambayo sitaitaja. Mada zilikuwa mawasiliano kazini, huduma kwa mteja na stadi za usimamizi. Siku ya kwanza niliwahi kufika, nikakaa kwenye benchi la mapokezi kama mtu mwingine yeyote. Bibi mmoja aliyetoka upande wa Nkasi, amejifunika khanga mbili kwa baridi ile ya Ufipa, alisogea dirishani akamsalimu kijana aliyekuwa ndani: "Hujambo, mwanangu." Kijana alijibu, "Subiri," bila kuinua uso. Haikupita nusu saa, mkuu wa kitengo akatoka ofisini na kumfokea kijana yule yule mbele yetu sote kwa ajili ya faili lililopotea.

Katika mkoba wangu nilikuwa na slaidi 40, na ya kwanza ilihusu tabasamu.

Tumezoea kufundisha mada hizi kana kwamba zimeletwa juzi na washauri elekezi. Historia inasema vingine. Swali la namna mwenye ofisi anavyomsemesha asiye na ofisi ni la zamani hapa nchini, na limewahi kusimamisha viwanda.

Tuanze na ofisi yenyewe. Wajerumani walipoitawala Ufipa, boma lao lilikuwa Bismarckburg, yaani Kasanga ya leo, kando ya Ziwa Tanganyika. Mwananchi hakwenda bomani kuhudumiwa. Aliitwa, akatozwa kodi, akahukumiwa. Kati yake na Bwana Shauri walisimama askari, karani na tarishi, na kila mmoja alikuwa na uwezo wa kumwambia asubiri. Waingereza walibadilisha bendera na vyeo, lakini benchi la kusubiria lilibaki. Makazini, mtu mzima mwenye wajukuu aliweza kuitwa "boi," na aliyeandikishwa kwenda mashamba ya mkonge aliitwa manamba, kwa sababu alijulikana kwa namba.

Inafaa kukumbuka kwamba boma hilo halikuikuta Ufipa ikiwa haina utaratibu wake wa kusema na kusikilizana. Roy Willis, mwanaanthropolojia aliyeishi na Wafipa miaka ya 1960, alishangazwa na utulivu wa jamii hiyo, ambayo katika karne ya 19 ilikuwa imepitia vita kati ya falme za Nkansi na Lyangalile. Alieleza jinsi mazungumzo yenye adabu na hoja yalivyothaminiwa kuliko mabavu. Simsomi Willis bila tahadhari, maana wageni hupenda kuzipamba jamii walizozipenda, na falme zile zilikuwa na watawala na watawaliwa. Hata hivyo, yeyote aliyewahi kusalimiwa kijijini Ufipa, kwa kupigiwa makofi taratibu na kuulizwa habari moja baada ya nyingine, atakubali kwamba kijana wa dirishani hakujifunza ukimya ule nyumbani kwao. Aliukuta ofisini.

Uhuru ulileta neno "ndugu," na Azimio la Arusha la 1967 likaleta mashirika ya umma. Kilichofuata nadhani hakifundishwi vya kutosha. Waraka wa Rais Na. 1 wa 1970 uliagiza kuundwa mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika hayo. Februari 1971, chini ya mwezi mmoja baada ya Idi Amin kumpindua Obote, TANU ikatoa Mwongozo. Ibara yake ya 15 ilimkataza kiongozi kuwa na majivuno, dharau na ubabe kwa anaowaongoza. Wafanyakazi waliisoma, wakaitumia. Kati ya 1971 na 1973 viwanda kadhaa vya Dar es Salaam vilisimama, na Issa Shivji ameonyesha kwamba malalamiko mengi hayakuwa ya mshahara. Watu walilalamikia meneja anayetukana na bosi asiyesikiliza. Kwingine mameneja walifungiwa nje ya milango ya viwanda. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel walikwenda mbali zaidi, wakakichukua na kukiendesha wenyewe.

Serikali iliyowapa maneno hayo ilitishwa na matumizi yake. Mahali pengine waliogoma walifukuzwa kazi, na lugha ya nidhamu na uzalishaji ikaifunika ile ya heshima. Hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wanaoiona ibara ya 15 kuwa kaulimbiu tu ya zama zilizopita. Ilikuwa somo la usimamizi lililodaiwa na wanaosimamiwa, na tangu hapo hatujapata jingine la namna hiyo.

Maboresho ya utumishi wa umma yaliyoanza mwaka 2000 yalituletea neno "mteja" na mikataba ya huduma kwa mteja iliyobandikwa ukutani. Siyakejeli. Ahadi ya kujibu barua ndani ya siku kadhaa ni silaha mkononi mwa mwananchi anayejua kwamba ipo. Kwa wanaosimamiwa, badiliko kubwa zaidi lilikuja 2004. Taarifa ya siri, ambayo bosi aliiandika peke yake na mtumishi hakuiona, iliondolewa, na mahali pake ukawekwa Mfumo wa Wazi wa Mapitio na Tathmini ya Utendaji Kazi, maarufu kwa jina la OPRAS. Kwa mujibu wake, msimamizi na msimamiwa walipaswa kukaa pamoja, kukubaliana malengo, kukutana tena nusu mwaka na kuzungumza. Ninyi mliopitia utumishi mnajua kilichotokea: fomu zilijazwa kwa mkupuo Juni, malengo yakanakiliwa kutoka ya mwaka uliopita, sahihi zikatafutwa kwenye korido. Mazungumzo yalikuwa ndiyo shabaha ya mfumo, na ndiyo yaliyorukwa.

Basi siku ya pili niliziacha slaidi za tabasamu. Niliwauliza wasimamizi ni lini mara ya mwisho walikaa na mtumishi wa chini yao wakazungumza kazi kwa nusu saa bila kumkaripia. Mmoja alisema ana watumishi 14 na hana muda, na nadhani alisema kweli. Wengine walitazama meza. Yule kijana wa mapokezi, ambaye hakuwa kwenye orodha ya washiriki hadi nilipoomba aongezwe, alinyoosha mkono. "Mwalimu, mimi hapa sijawahi kuulizwa jambo. Naagizwa tu."

Mkuu wake alikuwa ameketi viti viwili mbele yake. Hakugeuka. Wakati wa chai niliwaona wamesimama pamoja nje, vikombe mkononi, kijana akieleza kitu kuhusu mafaili na mkuu akitikisa kichwa. Sikusogea kuwasikiliza. Bibi wa Nkasi alikuwa amerudi, yuko kwenye benchi lile lile.