Ukipiga Picha ya Gari la Kale, Usisahau Namba

Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda Nairobi kikazi, nikapata wasaa wa kupita kwenye Makumbusho ya Reli, karibu na stesheni kuu. Nilipiga picha zaidi ya mia mbili kwa simu. Niliporudi Mombasa nikampelekea ami yangu, ambaye ujanani mwake alikuwa mchochea moto kwenye magarimoshi ya mvuke baina ya Mombasa na Nairobi. Akavaa miwani, akazitazama moja moja, kisha akaniuliza, "Hii namba yake ngapi?"

Sikuwa na jibu. Nilipiga magurudumu, nikapiga taa, nikajipiga mwenyewe nimeegemea chuma. Namba haikuonekana hata katika picha moja. Akauliza tena, "Na ndani, pale tulipokuwa tukisimama na dereva?" Hakuna. Akanirudishia simu kwa upole. "Picha nzuri, mwanangu." Nilimwahidi kwamba nitarudi kuzipiga upya. Kabla sijarudi, Mwenyezi Mungu alimchukua.

Tangu hapo kila nipatapo nafasi huenda kwenye maonyesho ya magari na mitambo ya zamani. Haya ndiyo niliyojifunza, na mengi nimeyajifunza kwa kukosea.

Pa kwenda

Onyesho kubwa la magari ya kale hapa Kenya ni Concours d'Elegance, lililoanza mwaka 1971 chini ya chama cha wenye magari ya Alfa Romeo. Hufanyika katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, Nairobi, kwa kawaida mwezi wa Septemba. Magari na pikipiki hukaguliwa na majaji, kwa hivyo boneti hufunguliwa, na hiyo ndiyo fursa yako ya kuona injini.

Ukipenda magari yaliyo mbioni, kuna East African Safari Classic Rally. Ilianza mwaka 2003, miaka 50 baada ya Safari Rally ya kwanza ya 1953, na mara kadhaa imeanzia au kuishia huku kwetu pwani. Hapo utaona magari ya aina zilizokuwa zikipita vijijini wazee wetu wakisimama kando ya barabara: Datsun 240Z kama aliyoshindia Shekhar Mehta mwaka 1973, Ford Escort na Peugeot 504.

Kwa injini za mvuke, Makumbusho ya Reli hayana mfano nchini. Yalifunguliwa mwaka 1971. Humo limo behewa ambalo ndani yake simba alimuua ofisa wa polisi Charles Ryall, katika stesheni ya Kima, mwaka 1900. Nje imesimama injini ya daraja la 59. Injini hizi zilikuwa 34, zilitengenezwa na kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester katikati ya miaka ya 1950, na kila moja ilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Moja ilikuwa na uzito wa tani 252 hivi, na tangi lake la mvuke lilikaa katikati ya seti mbili za magurudumu. Hazikuwahi kutengenezwa injini za mvuke zenye nguvu kuzishinda kwa reli ya upana wa mita moja.

Mwanga

Fika mapema. Jua la saa sita mchana huchoma rangi ya gari na kuacha kivuli kizito chini ya bampa. Asubuhi, au siku ya mawingu, rangi hutulia.

Kichwa cha treni cheusi huidanganya kamera. Ikiona weusi umejaa, hudhani pana giza na kuongeza mwanga, basi chuma hutoka kijivu. Punguza mwanga kidogo. Kwenye simu gusa kioo mahali palipong'aa zaidi, kisha teremsha alama ya jua kwa kidole. Kama pana mvuke mweupe, pima mwanga kwa mvuke huo, kwani weupe ukishaungua haurudi, ilhali giza laweza kufunguliwa baadaye kidogo.

Jua pia kwamba lile wingu jeupe ni matone madogo ya maji, mvuke wenyewe hauonekani. Kwenye baridi wingu huwa nene, kwenye joto hutoweka upesi. Ndiyo maana injini ikiwashwa Nairobi asubuhi ya Julai hupendeza kuliko mchana wa jua kali.

Na mavazi yana hesabu yake. Nilipiga mlango wa Mercedes nyeusi nikiwa nimevaa kanzu nyeupe. Nilipoifungua picha nyumbani nikajikuta nimesimama mlangoni, mzima mzima. Siku hizi huvaa nguo za rangi nzito. Mwenye kamera anaweza kufunga kichujio cha kupunguza mng'aro. Husaidia kwenye vioo na rangi, lakini hakifui dafu kwa vyuma vya kromu. Kwa hivyo usimame pembeni, si mkabala.

Umbali na mwendo

Usilikaribie gari mno kwa simu. Lenzi pana huvimbisha pua ya gari na kupunguza sehemu ya nyuma. Rudi hatua kadhaa, kisha vuta picha mara mbili. Chutama hadi kamera iwe sawa na taa za mbele, na utazame nyuma ya gari: hema, pipa la taka na vichwa vya watu huharibu picha nyingi.

Kwa gari linalokwenda, ukiweka kasi ya 1/500 ya sekunde utalikamata, lakini litaonekana kama limeegeshwa. Weka 1/60, ulifuate kwa kamera huku ukizungusha kiuno, ubonyeze bila kusita. Gari litabaki wazi na nyuma yake patafutika. Katika kumi utapata mbili. Kwenye reli usisimame kamwe juu ya njia, na kwenye mbio kaa pale wasimamizi walipokuonyesha.

Adabu

Salimu kwanza. Mwenye gari amelilea kwa miaka, usiliguse wala kuliegemea, na usifungue mlango bila ruhusa. Omba idhini kabla ya kumpiga mtu, hasa akina mama na watoto, na uulize kama mwenyewe aridhia picha yenye namba ya usajili isambazwe. Ukimwonyesha heshima, mara nyingi mwenyewe atakufungulia boneti na kukupa historia yote.

Picha tano za lazima

Kabla ya urembo, hakikisha umepata hizi: gari zima kwa ubavu, namba na jina lake, kibao cha kiwanda kama kipo, injini, na pale anapokaa dereva, pamoja na vishikio na saa za vipimo. Kisha andika tarehe, mahali, na aliyekueleza. Unapotuma kwa WhatsApp, tuma kama faili, kwa sababu picha ya kawaida hupunguzwa ubora hata maandishi madogo yakawa hayasomeki.

Mimi nilirudi makumbusho. Injini niliyoegemea siku ile ni namba 5918, Mount Gelai, ambayo baada ya kustaafu ilikarabatiwa na kuwahi kuvuta tena safari maalum. Kwa ruhusa ya mlinzi nilipanda juu, nikapiga kila kishikio na kila saa. Picha hizo ninazo, zimetoka vizuri. Lakini sijui kipi kilikuwa kazi ya ami na kipi cha dereva, na wa kunionyesha kidole hayupo tena.

Kwa hivyo ndugu msomaji, kama nyumbani kwenu yupo mzee aliyefanya kazi reli, bandarini au kwenye malori ya zamani, mpeleke aone mwenyewe. Kama hawezi safari, mwendee kabla hujaondoka, umuulize angependa kuona nini. Ukirudi, keti naye na zile picha, na uandike anayosema.