Ruhusa ya Baba, Kazi ya Dada: Kusoma Upya Drum Dream Girl

Drum Dream Girl, kitabu cha picha cha Margarita Engle kilichochorwa na Rafael López (2015), kinatokana na utoto wa Millo Castro Zaldarriaga, msichana wa Kuba mwenye asili ya Kichina na Kiafrika, aliyepiga ngoma enzi ambazo ngoma zilihesabiwa kuwa za wanaume. Ni kitabu kizuri mno. Hata hivyo, nadai kwamba kinamtwika baba kazi ambayo kihistoria ilifanywa na dada.

Tuanze na katazo lenyewe. Dada wakubwa wanamwalika mdogo wao kwenye bendi yao. Baba anakataa, ngoma ni za wavulana. Hatoi sababu, wala kitabu hakimdai. Ilhali Kuba ilikuwa na mfano wa wazi wa katazo hilo: katika dini ya Santería, ngoma za batá zilizowekwa wakfu ziliachiwa wanaume. Msomaji aliyemwona Bi Kidude wa Zanzibar akipiga msondo, ngoma ya unyago, anajua kwamba si maumbile yanayoamua nani ashike ngoma. Watu ndio hupanga, na kila jamii ina mpangilio wake.

Kitabu kina nguvu zaidi pale msichana anapokuwa nyumbani, vidole vyake vikigonga mdundo kwenye meza na viti. Marufuku imefika kwenye ngoma, haijafika kwenye vidole. Ustadi unakua kabla ya ruhusa, na ruhusa inapokuja inakuta kazi kubwa imekwisha kufanyika. Hili Engle amelielewa vyema kuliko waandishi wengi wa vitabu vya watoto.

Kisha baba anageuza nia na kumtafutia mwalimu, mwalimu anastaajabu, binti anapiga hadharani na watu wanaridhia. Mambo yananyooka upesi mno. Katika historia, bendi ya dada hao, Anacaona, iliyopewa jina la malkia wa Wataino, ilianzishwa mwaka 1932 na Concepción, dada yake Millo, maarufu kama Cuchito, aliyekuwa akisomea udaktari wa meno. Utawala wa Rais Machado ulikuwa umefunga Chuo Kikuu cha Havana, na muziki ukawa njia ya kujipatia kipato. Hatimaye dada 11 walipitia bendi hiyo, na mwaka 1938 ilikuwa ikipiga Paris. Kwa maoni yangu, mila ililegea kwa sababu wasichana walisimama pamoja jukwaani, wakalipwa, na hadhira ikawazoea. Moyo wa baba ulikuwa na nafasi yake, lakini peke yake usingefika mbali.

Kwa hiyo mwalimu anayekisoma kitabu hiki darasani asiruke maelezo ya mwandishi yaliyo mwishoni. Shairi linamwacha msichana bila jina. Ni katika maelezo hayo ndipo Millo anapotajwa, pamoja na Anacaona.