Boma la Iringa

Wajerumani walilijenga jengo hili karibu mwaka 1900, miaka michache tu baada ya vita vyao na Wahehe. Mtwa Mkwawa, kiongozi wa Wahehe, alikuwa amejiua mwaka 1898 ili asikamatwe akiwa hai. Inasemekana mwanzo jengo lilikuwa hospitali ya jeshi. Waingereza wakaligeuza ofisi za utawala, na kwa miongo mingi mwananchi aliingia humu kwa kuitwa au kwa shida.

Mwaka 2016 milango ilifunguliwa kwa wote. Kupitia mradi wa Fahari Yetu wa Chuo Kikuu cha Iringa, kwa ufadhili wa Umoja wa Ulaya, boma lilikuwa limekarabatiwa na kuwa makumbusho na kituo cha utamaduni.

Ukiwa ndani, usipite haraka mbele ya vikapu vya milulu. Majani haya huvunwa mabondeni, huanikwa, kisha akina mama huyasuka kuanzia kitako kwenda juu, wakiyakaza mstari kwa mstari hadi kikapu kisimame chenyewe. Mgeni kutoka Igowole, mkoani humu, huenda akaona hapa kikapu kama cha bibi yake. Kinastahili heshima ileile tunayoipa mikuki ya Lugalo, walikoshindwa Wajerumani na Wahehe mwaka 1891.