Dohani au Bomba la Moshi?

Neno dohani lilifika pwani kwa njia ya bahari kabla halijaingia jikoni. Asili yake ni Kiarabu, dukhan, yaani moshi. Meli za mvuke zilipoanza kutia nanga Zanzibar katika karne ya 19, watu waliziita merikebu za dohani, wakizitenga na zile za tanga. Nyumbani neno hilo halikuwa na kazi. Nani angejenga dohani kwenye joto la pwani?

Hata leo, huko Dutumi na katika vijiji vingine vya Kibaha na Kisarawe, mkoani Pwani, kuni nyingi huwaka katika banda la nyuma: mafiga matatu, sufuria, na moshi unaojitafutia njia kwenye upenyo kati ya ukuta na paa. Moshi huo una faida zake. Hufukuza wadudu kwenye makuti na kwenye mahindi ya mbegu yaliyotundikwa juu ya moto, na mama wa nyumbani akiambiwa auondoe ana haki ya kuuliza mbegu zake atazihifadhi wapi. Hasara yake ni kubwa zaidi: Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hewa chafu ya majumbani, inayotokana hasa na moshi wa kupikia, ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020.

Istilahi iliyoshika Tanzania katika jambo hili ni jiko banifu. Banifu linatokana na kubana, kama mtu anavyobana matumizi: jiko linabana moto usitawanyike, kuni chache zinaivisha chakula. Hapo ndipo wanunuzi wengi huchanganya mambo. Kubana kuni si kutoa moshi. Jiko dogo la kuni lililowekewa kauri ndani linaweza kuwa banifu kweli, na bado moshi wake ukabaki chumbani. Kinachoutoa nje ni dohani, kama ilivyo kwa majiko ya matofali ambayo wanawake wa Kimaasai wa Monduli wamefunzwa kuyajenga ndani ya nyumba zao.

Mwili wa jiko hausumbui sana huku Pwani. Udongo wa kichuguu upo, mchanga upo, na bonde la Ruvu linatoa pumba za mpunga za kuchanganyia ili udongo usipasuke. Milima ya Pugu ina hata kaolini, udongo mweupe unaostahimili joto kali, ingawa jiko la kijijini halihitaji makuu hayo.

Shida iko kwenye bomba.

Ukienda kwa fundi bati, usitarajie kusikia neno dohani. Yeye atasema bomba la moshi, au bomba tu. Ni jina zuri, lakini anayelielewa kama bomba la maji ataharibu kazi. Bomba la maji hulazwa, hupindwa kona tatu, na maji yanafika kwa sababu tangi liko juu. Moshi hausukumwi na tangi. Hewa ya nyuzi 27 ina uzito wa karibu kilo 1.2 kwa kila mita ya ujazo. Ikipashwa hadi nyuzi 200, hubaki karibu gramu 750. Hiyo nyepesi inapanda, na hewa nzito ya chumbani inaingia kwa nyuma yake kupitia mdomo wa jiko. Bomba likiwa refu na limenyooka, mvuto unaongezeka. Likiwa fupi au limejaa kona, moshi unamrudia mpishi usoni.

Kwa hiyo maana ya bomba inayofaa hapa ni ile ya kale. Kwa Kireno, lugha tulikolitoa neno hilo, bomba ni pampu, na Kiswahili hakijaisahau maana hiyo: bomba la sindano huvuta dawa. Bomba la moshi nalo ni pampu, ila linaendeshwa na joto.

Kiingereza nacho kilileta neno lake la dohani, likaishia kwenye taa. Ndilo chemli. Na kioo cha chemli hufanya kazi ileile: kinavuta hewa, ndiyo maana ukikiondoa mwali huyumba na kutoa moshi. Aimé Argand wa Geneva aliitumia kanuni hiyo katika taa zake miaka ya 1780.

Anayebadilisha bomba lililooza kwa kutu aanze na jiko lililopoa, akung'ute masizi, kisha atazame kipande cha chini kwanza, maana ndicho kinachoungua. Bati la kuezekea limepakwa zinki, na zinki huyeyuka kwenye nyuzi 419. Mvuke wake si wa kuvuta puani. Kipande kinachotoka jikoni kiwe cha chuma kisichopakwa. Juu, bomba lipite kilele cha paa na livae kofia ya kuzuia mvua. Kwenye makuti kuna hatari kubwa: viwango vya Marekani vinataka bomba la ukuta mmoja likae karibu sentimita 46 mbali na kitu chochote kinachoweza kushika moto. Banda la makuti lisiloweza kutoa nafasi hiyo liezekwe bati kwanza.

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Mpaka gesi ifike kila banda, kuni zitaendelea kuwaka, na mafundi watahitaji maneno yasiyogongana. Pendekezo la makala hii ni kwamba dohani libaki jina la njia nzima ya moshi, tangu tundu la jikoni hadi kofia, na bomba la moshi liwe kile kipande cha chuma. Nawe ukienda kwa fundi, usiagize bomba tu: mtajie urefu, mwambie lisiwe na kona, na uliza chuma chake kimepakwa nini.